Tope zito, kijito na mteremko wa utelezi: 4H au 4L, na upepo wa matairi nishushe mpaka ngapi?

MzigoMgumu

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaojua kuendesha 4x4 njia mbaya.

Gari ni pikapu ya dizeli, gia za mkono, 4x4 ya kuunganisha unapohitaji (2H ni matairi mawili ya nyuma, 4H ni manne kwa mwendo wa kawaida, 4L ni manne kwa gia nzito za polepole), haina loki ya difu (kifaa cha kulazimisha matairi mawili ya ekseli yazunguke pamoja). Matairi ni A/T (ya barabara na njia mbaya), yamelika nusu. Mzigo nyuma kama kilo 600. Njia ina sehemu tatu zinazonitia wasiwasi mvua zikinyesha: kipande cha udongo mweusi unaonata ambacho malori yamekichimba mifereji miwili mirefu, kijito kisicho na daraja, na mteremko mkali wa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, ambao kurudi lazima niupande huohuo.

Niunganishe gia gani na wapi? Upepo nishushe mpaka ngapi? Kina gani cha maji ndio mwisho? Na nikikwama, nivutwe vipi bila kuumiza mtu?

---

GiaNzito

Mkuu, tuanze na jambo ambalo wengi wanalijua mdomoni lakini mguu wao haulijui. 4x4 haiongezi mshiko. Inagawa nguvu ya injini kwa matairi manne badala ya mawili, basi. Mshiko wenyewe ni wa mpira na ardhi. Breki zako ni zilezile za gari lolote, na kona vilevile. Ndiyo maana gari lililopanda vizuri kwenye utelezi ndilo linaloishia mtaroni wakati wa kushuka: dereva ameona linavyosukuma, akadhani litasimama vivyo hivyo.

Kuunganisha: fanya kabla ya tope, ukiwa bado kwenye ardhi inayoshika. 4H magari mengi yanakubali ukiwa unatembea, usukani umenyooka na mguu umeachia mafuta. Kikomo cha spidi kimeandikwa kwenye kitabu cha gari lako. 4L simama kabisa, gia kuu iwe fri, ndipo uvute. Kama habu za mbele (vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele) ni za kufunga kwa mkono, shuka uzifunge zote mbili zingali kavu. Ukishazama, habu iko ndani ya matope na utaitafuta kwa vidole.

Kwenye lami kavu rudisha 2H. Gari la aina yako halina difu ya katikati, na kwenye kona matairi ya mbele hutembea umbali mrefu kuliko ya nyuma. Tofauti hiyo haina pa kwenda isipokuwa kujikunja ndani ya propela na transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma). Dalili zake ni usukani mzito, matairi kulia kwenye kona, na mti wa gia kugoma kutoka 4H. Ukigoma usiupigepige. Rudi nyuma mita chache umenyoosha usukani, utaachia wenyewe.

Sasa 4H au 4L. Tope refu la usawa linataka mwendo, kwa hiyo 4H gia ya pili, au ya tatu kama injini ina nguvu. Ukiwa 4L gia ya kwanza, matairi yanapata nguvu nyingi mno, yanazunguka hapo hapo na kujichimbia kaburi. Kama tope ni zito kiasi kwamba injini inaanza kulemewa katika 4H ya pili, ingia 4L lakini kwa gia ya pili au ya tatu. 4L ya kwanza iwekee mteremko, mawe na kupanda pole pole. Kwa magari mengi 4L huongeza nguvu kwenye matairi kati ya mara 2 na 2.7 na kupunguza mwendo kwa kiwango hichohicho.

Ile mifereji ya malori usiivamie kabla hujashuka kuipima. Chukua mti mnyoofu au mpini wa koleo, simama kando ya gari, uweke alama mbili: ya kwanza sehemu ya chini kabisa ya difu ya nyuma (pikapu nyingi ni kama sentimita 20 hadi 22 kutoka ardhini), ya pili kina cha maji ambacho gari lako linaruhusiwa. Mti huo mmoja utakufaa kwenye tope na kwenye kijito. Simamisha mti huo ndani ya mfereji. Kama ukingo wa katikati unafika alama ya difu au kuipita, ukiingia humo gari litakaa kwa tumbo na matairi yataning'inia. Hapo panda tuta, tairi moja katikati na jingine kwenye bega la nje, au chimba ukingo wa katikati. Kama kina cha mfereji hakifiki alama, ingia ndani na ukae humo. Kinachotupa magari ni kujaribu kutoka nusu ya safari.

Ndani ya mfereji usukani unadanganya. Unaweza kuwa umeukunja robo mzunguko na gari bado linakwenda moja kwa moja kwa sababu kuta zinaliongoza. Tairi likikuta mahali pakavu linashika ghafla na gari linaruka kando. Toa kichwa dirishani, angalia tairi la mbele limeelekea wapi. Na vidole gumba viwe juu ya mduara wa usukani, visiingie ndani kwenye miguu yake: tairi likigonga jiwe, usukani unazunguka wenyewe na kuvunja kidole.

Gari likianza kupoteza mwendo, zungusha usukani kushoto na kulia haraka, kama kati ya namba 10 na namba 2 kwenye uso wa saa. Kingo za tairi zinakata ukuta mpya wa udongo na mara nyingi hupata mita kadhaa za ziada. Likisimama, ACHA MAFUTA. Sekunde tano za kuzungusha matairi hugeuza kazi ya dakika kumi kuwa ya saa mbili.

Kuhusu kutokuwa na loki: difu ya kawaida inayapa matairi mawili ya ekseli nguvu sawa, na nguvu hiyo haiwezi kuzidi ile anayoihimili yule dhaifu. Tairi moja likiwa hewani linahitaji karibu sifuri kuzunguka, basi na mwenzake aliye kwenye ardhi ngumu anapata karibu sifuri. Ukiona hilo nyuma, vuta handibreki meno mawili matatu huku ukiongeza mafuta kidogo kidogo. Tairi linalozunguka bure linapata kazi, na mwenzake anaanza kusukuma. Hii ni kwa handibreki inayoshika matairi ya nyuma. Zipo gari ambazo handibreki inashika propela, hizo hila hii haizisaidii.

---

UpepoKwanza

Nakubaliana na GiaNzito yote, niongeze kwenye matairi maana hapo ndipo mshiko unapopatikana bila gharama.

Ukitoa upepo, alama ya tairi ardhini inarefuka kwenda mbele na nyuma zaidi ya inavyopanuka. Ni kama kubadilisha gurudumu kuwa mnyororo wa trekta kidogo. Viwango vya kuanzia kwa pikapu, matairi yakiwa ya baridi:

Barabara nzuri: anachosema mtengenezaji, kwenye ile karatasi ya mlangoni.
Kokoto na mawimbi ya barabara: 26 hadi 28 psi (kipimo cha upepo).
Tope: 20 hadi 25.
Mchanga laini: 16 hadi 18.
Kujinasua tu, mita chache, polepole sana: 12 hadi 14.

Kwa kilo zako 600 tairi za nyuma ziache juu ya za mbele kwa psi 4 au 5. Kama kipimo chako kinasoma bar, bar 1 ni psi 14.5.

Lakini mkuu, usishushe kwa mazoea. Tope lako ni la namna gani? Sukuma ule mti chini. Ukizama sentimita 10 au 15 kisha ukagonga sakafu ngumu, tairi lenye upepo wa kutosha linakata uji wa juu na kushika chini. Hapo 25 au hata 28 ni bora kuliko 18. Ukizama bila kugota, basi unataka kuelea, shusha. Watu wanabishana miaka kuhusu namba za tope kwa sababu mmoja anazungumzia tope lenye sakafu na mwingine lisilo nayo.

Udongo mweusi una tabia nyingine: unajaa kwenye meno ya tairi mpaka linakuwa laini kama chupa. Tairi lililofunikwa meno halishiki hata kwa 4L. Dawa yake ni mwendo, ili tairi lijirushie matope lenyewe. Kwa hiyo kwenye udongo huo kuzunguka kidogo kunaruhusiwa MRADI gari linasonga. Gari likisimama na matairi yanazunguka, rudi kwenye neno la GiaNzito.

Chini ya 20 psi usizidi km 40 kwa saa na usikate kona kwa nguvu, tairi lisilo na tyubu litaachia ringi. Na usitoe upepo kama huna pampu ya kuujaza. Tairi lenye upepo mdogo kwenye barabara ngumu kwa mwendo mkubwa linajikunja kila mzunguko, linapata moto ubavuni, linapasuka, na hapo una mzigo nyuma.

---

KinaNaMkondo

Nichukue kijito.

Kanuni ya kwanza haina mjadala: maji usiyoweza kuyatembea kwa miguu, usiyaendeshe. Vuka kwa miguu na ule mti, mtu akikuangalia ukingoni. Kama maji yanakuyumbisha, umepata jibu, geuza gari au subiri. Vijito vya mvua hushuka haraka kama vilivyopanda. Weka jiwe kwenye ukingo wa maji, kaa nusu saa uangalie linaachwa nje au linamezwa.

Watu hudhani uzito unawaokoa. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 huweza kuinua gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi, pikapu zikiwemo. Sababu ni kwamba bodi ina hewa ndani; kadiri inavyozama ndivyo inavyoinuliwa, matairi yanabaki yanagusa tu, na kile kinachoshikilia gari ni kidogo wakati mkondo unasukuma ubavu mzima.

Maji yaliyotulia ni jambo jingine. Hapo kikomo ni kile cha kitabu. Kwa magari mengi ya aina yako ni kati ya sentimita 50 na 80. Fungua boneti utafute mdomo wa kuvutia hewa uko wapi, mara nyingi ni nyuma ya taa au juu ya matao ya gurudumu. Huo ndio mwisho wako wa kweli, na wimbi la mbele linaongeza kina. Snorkeli hupandisha mdomo huo mpaka kwenye paa, lakini haiongezi uzito wa gari wala haipandishi altaneta. Na kama viungio vya bomba lake havikuzibwa vizuri, maji huingia kwa hapo.

Kuchagua mahali: maji yanayochemka juu ya mawe mara nyingi ni mafupi, yaliyolala kimya na meusi ni marefu. Kwenye kona ya mto, upande wa nje ndio uliochimbwa. Hakikisha pa kutokea panapandika kabla hujaingia.

Kabla ya kuingia pumzika dakika kama 10. Difu na habu zikiwa za moto zikazama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili na vipumulio. Magari mengi huharibika difu hivyo bila mwenyewe kujua, kwa sababu kelele huja wiki kadhaa baadaye.

Kisha: 4L gia ya pili, vioo chini, milango isifungwe kwa loki. Funga turubai mbele ya grili kama maji yanapita bampa. Linasaidia wimbi na linazuia feni isijikunje na kutoboa rejeta. Ingia polepole, kisha shika mwendo wa mtu anayetembea haraka, ili wimbi likae mbele yako na nyuma yake sehemu ya injini iwe na kina kidogo. Ukizidi, wimbi linapanda boneti. Usibadilishe gia ndani ya maji na usikanyage klachi: maji yakiingia kati ya sahani zake itateleza na utasimama katikati.

Injini ikizima ndani ya maji, usiwashe tena. Maji hayabanwi. Yakiwa juu ya pistoni na stata ikasukuma, kinachoachia ni konrodi (mkono wa pistoni), inapinda. Vuta gari nje, toa waya wa betri, fungua boksi la filta ya hewa. Filta ikiwa kavu kabisa na boksi halina maji, una matumaini. Ikiwa imelowa, toa nozo au plagi za kupashia moto (plagi za cheche kwa petroli), zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye nati ya kranki, maji yatatoka kwenye matundu. Simama kando, usiweke uso juu yake. Kisha badili oili na filta zote kabla ya kuiwasha.

---

MzigoMgumu

Shukrani sana wakuu, hiyo ya mti wenye alama mbili naichonga leo. Bado mteremko na kamba. Na dereva mwenzangu anaendesha gari la otomatiki njia hiyohiyo, ashuke vipi?

---

GiaNzito

Mteremko: simama juu, tembea mpaka chini kwanza. 4L, gia ya kwanza, toa mguu kwenye klachi na uuweke sakafuni kando, usirudi tena mpaka chini. Injini ndiyo breki yako. Nyooka moja kwa moja na mteremko, usishuke mshazari. Gari lililolala ubavu juu ya udongo mwekundu linateleza upande wa chini, na mzigo wako uko juu. Breki gusa kwa upole tu. Matairi yakifunga, huna usukani tena.

Mkia ukianza kukupita, mkono na mguu vinataka breki. Fanya kinyume: ongeza mafuta kidogo mpaka matairi yazunguke sawa na mwendo wa gari, usukani urudishe kichwa chini, kisha achia polepole. Inatisha, lakini tairi linalozunguka ndilo linaloshika njia.

Otomatiki: 4L, na mti wa gia kwenye L au 1, si D. Kwenye D gia itapanda yenyewe na injini haitashika. Kama gari lina kidhibiti cha kushukia, akiwashe kabla ya kuanza, miguu mbali na pedali. Kwenye tope la usawa azime kidhibiti cha utulivu, maana kikihisi mtelezo kinakata nguvu ya injini wakati ndio unaihitaji.

Kupanda ukishindwa katikati: usikate kona kugeuza. Breki ya mguu kwa nguvu na handibreki, ingiza rivasi ya 4L, achia klachi yote injini ikiwa imezima. Kisha achia breki polepole, uwashe injini ikiwa ndani ya gia (kama gari lako linakubali kuwaka bila klachi), urudi chini umenyooka kwa breki ya injini. Kushuka kinyumenyume ukiwa fri au klachi chini ndiko kunakoviringisha magari.

---

KambaNaKoleo

Kwenye kukwamuliwa ndiko watu wanakofia, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo.

Anza na koleo. Kuna hesabu ya makadirio wanayoitumia wavutaji: gari lililozama usawa wa magurudumu linahitaji nguvu sawa na uzito wake ili litoke; likizama mpaka matao ya magurudumu, mara mbili; likizama mpaka kwenye kebini, mara tatu. Pikapu yako na mzigo ni kama kilo 2,600. Kwenye hatua ya tatu hiyo ni karibu tani 8 kwenye kamba. Ukichimba mbele ya kila tairi njia ya mteremko mpole, ukatoa udongo chini ya difu na chesisi, ukashusha mzigo, hiyo tani 8 inarudi karibu na 3. Nusu saa ya koleo ni salama kuliko kamba nene.

Kamba ziko za aina mbili na hazibadilishani. Ya nailoni inayovutika (asilimia 20 hadi 30) ni ya gari kuvuta gari kwa mwendo: inahifadhi nguvu na kuiachia taratibu. Ile isiyovutika ni ya kurefusha winchi au kukokota polepole. Ukifanya msukumo wa ghafla kwa kamba isiyovutika au mnyororo, mshtuko wote unakwenda kwenye ndoano na chesisi, na kitu kitaachia.

Mahali pa kufunga: pete au ndoano zilizofungwa kwenye chesisi kwa boliti, zenye kiwango cha kuvutia. Kamwe usifunge kwenye ule mpira wa chuma wa kukokotea trela. Ukikatika unaruka kama risasi, unapita kioo. Vile vitundu vya kufungia gari kwenye lori la kubebea navyo sio vya kuvutia.

Pingu za chuma ziwe na kiwango kilichochongwa juu yake: ya milimita 16 kwa kawaida ni tani 3.25, ya milimita 19 ni tani 4.75. Kaza pini mpaka mwisho kisha irudishe robo mzunguko, vinginevyo baada ya mvuto haifunguki. Usiunganishe kamba mbili kwa pingu katikati, ni risasi nyingine. Weka koti lililolowa au mfuko wenye udongo juu ya katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini.

Watu wote wakae umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa kamba, kando, na asiwepo hata mmoja kwenye mstari wake. Mtu mmoja tu atoe ishara. Gari la kuvuta lianze na kamba ikiwa imelegea mita mbili tatu, gia ya pili ya 4L, mwendo wa kutembea. Dereva aliyekwama aweke gia ya kwanza na kusaidia kidogo kamba ikikaza. Mara ya kwanza pole. Ikishindikana, rudini kwenye koleo kabla ya kuongeza mwendo.

Jeki ndefu ya kupandishia kwa mpini: chini yake weka ubao wa sentimita 40 kwa 40 wenye unene wa 4 hivi, la sivyo itazama yenyewe. Kichwa kisiwe kwenye njia ya mpini hata sekunde moja. Ikiteleza, mpini unarudi kwa nguvu ya gari zima. Chini ya gari lililopandishwa hivyo mtu haingii. Ingiza mawe au matawi chini ya tairi ukiwa pembeni, kwa koleo.

---

UpepoKwanza

Baada ya yote hayo msisahau kutoka. Kwanza breki: ukitoka majini kanyaga kidogo kidogo kwa mita mia kadhaa zikauke, na kama una drami nyuma, zifungue ukifika, matope yanakaa ndani na kula viatu. Osha udongo uliojaa ndani ya ringi. Gari likitetemeka spidi ya 70 mara nyingi ni huo, sio shafti. Rejeta iliyojaa tope isafishe kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kuja mbele, vinginevyo joto litapanda kwenye mlima unaofuata. Angalia nyasi zilizokwama juu ya bomba la moshi, zinawaka.

Difu acha zikae usiku mzima, asubuhi legeza boliti ya chini ya kila moja kidogo tu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia ndiyo yatakayotoka kwanza. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote siku hiyo hiyo. Kwenye viungio vya propela piga grisi mpaka ile ya zamani yenye maji itoke yote na mpya ionekane.